Gamelan ya Bali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaotaka kujifunza

Ukurasa huu ni wa wapigaji, walimu wa muziki, wanafunzi na yeyote aliyewahi kusikia gamelan ya Bali akatamani kuijua kwa undani. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

Gamelan ni ala moja au ni kundi la ala?

Ni kundi, lakini kundi linalohesabiwa kuwa kitu kimoja. Seti nzima hufuliwa pamoja, hulinganishwa sauti pamoja, na hukaa pamoja maisha yake yote. Ukitoa kibao katika seti ya kijiji kimoja ukakipachika katika seti ya kijiji jirani, kitapiga kelele za ugeni, kwa kuwa hakuna kipimo kimoja cha sauti kinachofuatwa kisiwa kizima. Kila gamelan ina sauti yake, na wenyeji huitambua.

Ala nyingi ni za kugonga: marimba za vibao vya chuma au shaba, vyungu vya shaba vinavyopangwa mstari mmoja, patu za kuning'inizwa, matoazi na ngoma. Zipo pia filimbi za mwanzi na zeze la nyuzi mbili. Mpigaji kwa kawaida hamiliki seti. Seti ni ya mtaa, ya hekalu, ya shule au ya ukoo. Yeye huja na mikono yake.

Si ndiyo hiyo hiyo ya Java?

Ni ndugu wa baba mmoja waliolelewa nyumba mbili. Mwaka 1343 dola ya Majapahit ya Java iliitia Bali mkononi, na sanaa za kasri zikavuka mlango wa bahari. Baadaye Java ikawa ya Kiislamu kwa sehemu kubwa, Bali ikabaki ya Kihindu, na kila upande ukaendelea na njia yake. Gamelan ya kasri za Java Kati hutiririka kwa utulivu, na sauti za waimbaji hupewa nafasi kubwa. Ya Bali, hasa mtindo wa kebyar, hushtua: hulipuka, hukatika ghafla, hunong'ona, kisha hurudi kwa kishindo.

Watu wengi huandika kwamba mtunzi Mfaransa Debussy alivutwa na gamelan ya Bali. Wapigaji aliowasikia kwenye maonyesho ya Paris ya 1889 walitoka Java. Kundi la Bali lilifika Paris kwenye maonyesho ya 1931, Debussy akiwa ameshafariki miaka 13 nyuma.

Bali kuna aina ngapi, na mimi nianze na ipi?

Zipo zaidi ya 20. Nitataja zile ambazo mwanafunzi atakutana nazo mapema.

Gong kebyar ndiyo iliyoenea kuliko zote. Karibu kila mtaa una seti yake. Gong gede ni kubwa, nzito, ya mahekalu. Semar pegulingan ni laini, ilikuwa ya kasri, karibu na vyumba vya kulala vya mfalme. Angklung ina sauti nne tu na husikika sana kwenye mazishi ya kuchoma maiti, yaani ngaben. Licha ya uchache wa sauti zake inaweza kukuliza. Beleganjur ni ya kutembea nayo kwenye maandamano, matoazi yakipokezana kwa nguvu. Gambuh, miongoni mwa michezo ya kale kabisa ya kuigiza, hutegemea filimbi ndefu ambazo mpigaji huketi chini na kuegemeza ncha yake sakafuni. Selonding ya vibao vya chuma ni ya mashariki, katika vijiji kama Tenganan, na inashikiwa miiko mikubwa. Magharibi, wilaya ya Jembrana, kuna jegog ya mianzi minene kiasi kwamba mlio wa chini unausikia kifuani kabla ya masikioni.

Halafu kuna gender wayang, ala nne tu za vibao kumi kumi, zinazoongozana na mchezo wa vivuli. Kila mpigaji hutumia nyundo mbili na huzima sauti kwa viganja hivyo hivyo vinavyopiga. Wengi husema hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, nami nakubaliana nao.

Anza na gong kebyar au angklung. Kebyar kwa sababu walimu wake ni wengi; angklung kwa sababu sauti zake chache zinakuacha huru kusikiliza wenzako, na kusikiliza ndiyo nusu ya kazi.

Ndani ya gong kebyar mna nini?

Kundi kamili huwa na watu kama 25 hadi 30. Mbele hukaa ngoma mbili, kendang, zilizochongwa kwa mti wa mfenesi na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Moja ni "mume" (lanang), nyingine ni "mke" (wadon), na mke ndiye mwenye sauti ya chini. Patu mbili kubwa nazo ni mume na mke kwa utaratibu huo huo. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ulimwengu wenyewe umeumbwa kwa jozi.

Marimba za shaba zimegawika kwa ngazi. Ugal ni kiongozi, mpigaji wake hukaa juu kidogo ili nyundo yake ionekane na wote. Nyuma yake pemade nne, kisha kantilan nne, ndogo na kali, oktavu moja juu. Hizi zote zina vibao 10. Chini yake calung mbili, na jegogan mbili zenye vibao vitano vipana vya sauti nzito. Kila kibao kimetundikwa kwa kamba juu ya bomba la mwanzi, na mwanzi ndio unaokuza mlio.

Reyong ni mstari wa vyungu 12 unaopigwa na watu wanne waliobanana bega kwa bega. Trompong, yenye vyungu 10, ni ya mtu mmoja, naye huwa fundi mzee au mchezaji anayepiga huku akicheza. Matoazi madogo, ceng-ceng, hupachikwa juu ya kobe aliyechongwa kwa mbao; kobe huyo ni kumbukumbu ya Bedawang Nala, ambaye katika imani za Bali ndiye aliyebeba dunia. Chungu kimoja, kajar au kempli, hushika mapigo bila kupamba chochote.

Kwa nini milio inatetemeka? Je, ala zimeharibika?

Hapana, zimetengenezwa hivyo makusudi. Kila ala ya vibao ina pacha wake. Mmoja, pengumbang, huwekwa chini kidogo. Mwenzake, pengisep, juu kidogo. Wakigonga kibao kile kile kwa pamoja, milio miwili inayokaribia kufanana inagombana hewani, na hapo huzaliwa mtetemo wa kupanda na kushuka kati ya mara 5 na 10 hivi kwa sekunde. Wenyeji huuita ombak, yaani wimbi.

Fundi wa kulinganisha sauti hujitahidi kasi ya wimbi hilo ifanane kuanzia vibao vizito hadi vyembamba. Ili hilo litimie, tofauti kati ya mapacha lazima iwe pana kwenye sauti za chini na finyu kwenye sauti za juu. Hufanywa kwa sikio na tupa, kibao kwa kibao. Mbali na kundi, pacha mmoja peke yake husikika mkavu. Ndiyo maana rekodi iliyofanywa kwa ala moja moja na kuunganishwa baadaye kwa kompyuta huwa imepoteza kitu, hata noti zikiwa sahihi zote.

Ngazi zake za sauti ni zipi? Naweza kuzipiga kwenye piano?

Kuna familia mbili: pelog na slendro. Slendro hugawa oktavu katika hatua tano zinazokaribiana upana. Pelog ina hatua zisizolingana, nyingine finyu nyingine pana, na asili yake ni sauti saba. Gong kebyar huchukua tano kati ya hizo saba, mpangilio uitwao selisir. Sauti hizo huimbwa ding, dong, deng, dung, dang. Kwenye ala ya vibao 10, kibao cha chini kabisa ni dong, na cha juu kabisa ni ding.

Piano haitakupa sauti hizi. Unaweza kukaribia, na kwa kukumbuka wimbo inatosha, lakini usilizoeze sikio lako huko. Zoea kuimba silabi zile tano ukisikiliza rekodi ya gamelan moja, kisha sikiliza gamelan nyingine uone jinsi dung ya huku ilivyo tofauti na ya kule. Katika miaka ya 1980 mtunzi I Wayan Beratha alisanifu semaradana, seti yenye sauti saba inayoweza kubadilisha mpangilio katikati ya wimbo, na leo watunzi vijana wanaipenda mno.

Wimbo wa gamelan umejengwaje?

Umejengwa kwa mzunguko. Upatu mkubwa hufunga mzunguko, na pigo hilo hilo hufungua unaofuata. Ndani yake, patu ndogo zaidi, kempur na klentong, huweka alama za njiani. Katikati hutembea wimbo wa msingi, pokok, ambao calung huutamka wazi. Jegogan huchagua sauti chache tu za pokok na kuzikazia. Juu yake ugal huupamba, na juu kabisa pemade na kantilan hufuma mapambo ya haraka. Kadiri ala inavyokuwa ndogo ndivyo inavyopiga mara nyingi zaidi, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo inavyongoja.

Jambo linalowachanganya wageni wengi ni uzito wa mapigo. Tumezoea kuhesabu "moja" pale penye uzito. Bali uzito uko mwishoni: katika mzunguko wa mapigo 8, upatu huanguka kwenye la nane. Pokok nzima inaelekea huko, kama inavyoelekea nyumbani. Usipobadili namna yako ya kuhesabu, utapiga noti zote sawasawa na bado walimu watakuambia kuna kitu hakijakaa.

Mizunguko hutofautiana sana. Gilak ina mapigo 8, ni ya kishujaa, utaisikia kwenye beleganjur na kwenye Baris, mchezo wa askari. Nyimbo za kale za hekaluni, lelambatan, zina mizunguko ya mapigo 64 au zaidi, na upatu ukigonga baada ya safari yote hiyo unajua kweli umefika. Wimbo kamili wa kale hugawika sehemu tatu: kawitan ni kichwa, pengawak ni mwili ulio mzito na wa polepole, pengecet ni sehemu ya mwisho yenye uchangamfu.

Kotekan ni nini? Kila mtu anaitaja.

Ndiyo sanaa ya kugawana wimbo mmoja kwa watu wawili. Upande mmoja huitwa polos, wa pili sangsih. Hakuna mwenye wimbo mzima. Polos akipiga peke yake unasikia mashimo, sangsih akipiga peke yake unasikia mashimo mengine, na wakikaa pamoja mashimo yanazibana na kutoka mstari mmoja wa kasi ambayo mkono mmoja wa binadamu hauifikii.

Chukua sauti tatu zinazofuatana: dong, deng, dung. Katika kotekan telu, polos hupewa dong na deng. Sangsih hupewa deng na dung. Deng ni ya wote wawili. Hiki ni kipande kifupi cha zoezi, nukta ikiwa ni kunyamaza:

Polos: deng, dong, · , deng, dong, ·
Sangsih: deng, · , dung, deng, · , dung
Kinachosikika: deng, dong, dung, deng, dong, dung

Kisome kwa sauti na mwenzako, polepole, mkigonga meza. Kisha ongeza ugumu wa kweli: kila pigo moja la kajar hubeba michapo (vipigo vidogo vya nyundo) minne, ilhali kipande hiki kimejipanga tatu tatu. Kwa hiyo deng haianguki pale pale kila mara. Inateleza juu ya mapigo, na utamu wote uko kwenye huko kuteleza. Watunzi hufunga mzunguko kwa kufupisha kundi la mwisho, mathalani tatu, tatu, mbili, ili hesabu itimie nane.

Kotekan empat hutumia sauti nne, na mara kwa mara sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa hugongwa kwa pamoja, mlio mkali unaometa. Nyog cag ni ya kupokezana kabisa: wewe mmoja, mimi mmoja, bila kugusana. Norot huzunguka sauti ya pokok pamoja na jirani yake wa juu, nayo ni nzuri kwa anayeanza kwa sababu inamfundisha kuifuata pokok.

Kosa la kawaida la sangsih ni kumsubiri polos ndipo ajibu. Ukisubiri umeshachelewa. Wote wawili hufuata mapigo ya kajar, kila mmoja anaweka michapo yake mahali pake, na kukutana kunatokea kwenyewe. Walimu wazuri hukubadilisha: leo polos, kesho sangsih, hadi uweze kupiga upande wako huku ukiimba wa mwenzako. Na usisahau mkono wa kushoto. Kila mkono wa kulia unapogonga kibao kipya, vidole vya kushoto lazima vikibane kibao kilichopita wakati ule ule. Bila hivyo milio inalimbikizana na kotekan inageuka ukungu. Kazi ya kuzima ndiyo inayomtofautisha mpigaji mzuri na mwepesi wa mikono tu.

Kwangu mimi hapa ndipo muundo na utamaduni wa gamelan visipoachana. Jamii inayofanya kazi za hekalu, za mashamba ya mpunga na za msiba kwa pamoja imetunga muziki ambao mtu mmoja hawezi kuupiga.

Mbona hii inanikumbusha amadinda ya Waganda?

Una sikio zuri. Amadinda ni marimba ya vibao 12 ya Buganda, na wapigaji wawili wanaokaa wakitazamana hupokezana: mmoja hupiga okunaga, wa pili huingiza okwawula katikati ya michapo ya wa kwanza, kwa nafasi sawa. Wa tatu, okukoonera, huokota sauti mbili za chini na kuzirudia kwenye vibao vya juu. Kwa mantiki, hiyo inakaribia sana nyog cag.

Mwaka 1964 mtafiti A. M. Jones alitoa kitabu akidai kuwa marimba za Afrika zilitoka Indonesia. Wataalamu wengi hawakukubali, kwani kufanana kwa mbinu si ushahidi wa safari. Ni kweli kwamba lugha ya Kimalagasi ni ya ukoo wa lugha za Indonesia na kwamba mabaharia wa kule walivuka Bahari ya Hindi, lakini kutoka hapo hadi amadinda ni mbali. Mimi naona ufundi wa kupokezana ungeweza kuzaliwa mara mbili. Kwa mwanafunzi wa Kampala faida ni ya papo hapo: aliyekwisha kaa kwenye amadinda huingia kwenye kotekan upesi kuliko aliyelelewa na piano.

Nani anaongoza? Sioni mtu akipunga fimbo.

Mpiga ngoma. Yeye huanzisha, huongeza kasi, hupunguza, huita vituo. Ugal humsaidia kwa kuinua nyundo juu kwa namna ambayo kundi zima huiona kwa pembe ya jicho. Kukiwa na mchezaji, ngoma naye humfuata mchezaji. Mchezaji akiinua bega au akitupa jicho kwa namna inayojulikana, ngoma hupokea, hupasia kundi, na ndani ya mapigo machache watu 25 hukata kwa pamoja. Kituo hicho huitwa angsel. Ukihudhuria onyesho, mtazame mpiga ngoma anavyomtazama mchezaji. Utaelewa mengi kwa dakika tano.

Gong kebyar ni ya zamani?

Si ya zamani sana. Waholanzi walishika kaskazini ya Bali mwaka 1849, na kusini ilianguka baada ya vita vya 1906 na 1908, ambamo familia za kifalme za Badung na Klungkung zilitoka mbele ya bunduki zikiwa zimevaa nguo nyeupe na kuchagua kufa. Kasri zilipopoteza nguvu, hazikuweza tena kulisha makundi yao ya muziki. Vijiji vikanunua au kuchukua seti, na nyingine ziliyeyushwa zikafuliwa upya.

Kaskazini, wilaya ya Buleleng, vijiji vilikuwa vikishindana. Kebyar ya kwanza inayotajwa sana ilisikika huko Jagaraga mwaka 1915. Ilikuwa kama radi: wote kwa pamoja, bila mapigo ya kutangulia. Ndani ya miaka michache ilifunika kisiwa. I Ketut Marya wa Tabanan, anayejulikana zaidi kama Mario, alibuni mchezo wa kukaa chini, Kebyar Duduk, miaka ya 1920. I Gde Manik wa Jagaraga aliusuka mchezo wa Teruna Jaya ukawa mtihani wa kila mchezaji na kila mpiga ngoma. Kule Kuta, I Lotring alitunga nyimbo ambazo hadi leo zinafundishwa. Kampuni za Odeon na Beka zilirekodi muziki huu mwaka 1928, na rekodi hizo zikamvuta mtunzi Colin McPhee wa Kanada, aliyeishi Bali miaka ya 1930 na kuandika kila alichokisikia.

Gamelan ni ibada au burudani?

Ni vyote viwili, na wenyeji wana utaratibu wa kutofautisha. Mwaka 1971 viongozi wa dini na wasanii walikaa wakaweka madaraja matatu ya michezo: wali, iliyo sehemu ya ibada yenyewe ndani ya hekalu, bebali, inayoandamana na sherehe, na balih-balihan, ya kutazamwa na watu. Katika sherehe ya hekalu, odalan, inayorudi kila baada ya siku 210 za kalenda ya Pawukon, sauti tano hutakiwa zisikike: gamelan, nyimbo takatifu, ngoma ya gogo iitwayo kulkul, kengele ya kuhani na dua zake. Wakati mwingine makundi mawili hupiga kwa pamoja ua mmoja, kila moja wimbo wake. Mgeni hudhani ni vurugu. Kwa wenyeji ni utimilifu: pamejaa, pamechangamka, miungu wamekaribishwa vizuri.

Ala zenyewe zina siku yao, Tumpek Krulut, ambapo hupambwa na kuwekewa sadaka.

Mimi ni Muislamu (au Mkristo). Naweza kujifunza bila kuingia katika ibada isiyo yangu?

Unaweza. Madarasa, mazoezi na maonyesho ya daraja la tatu hayakulazimishi ibada. Kabla ya onyesho kundi hunyunyiziwa maji na kuwekewa vikapu vidogo vya maua. Mgeni asiyetaka kushiriki hukaa kando kwa heshima, na sijaona mtu akimlazimisha.

Inafaa pia kujua kuwa huko Java, Yogyakarta na Surakarta, gamelan maalumu ya kasri hutolewa kila mwaka na kupigwa kwenye uwanja wa Msikiti Mkuu wakati wa Maulidi, Mfungo Sita. Sherehe hiyo huitwa Sekaten. Na kaskazini ya Bali kwenyewe kuna Pegayaman, kijiji cha Waislamu cha miaka mingi, chenye burda na matari yake.

Adabu gani nisizikose?

Vua viatu. Usiruke ala wala kupitisha mguu juu yake. Zunguka, hata kama njia ni ndefu. Usikalie ngoma. Usiupige upatu mkubwa kwa kujaribu tu, kwa maana ndio unaoheshimiwa kuliko ala zote. Hekaluni vaa kamen, vazi mithili ya kikoi, na mshipi kiunoni; wanaume huongeza kilemba, udeng. Mwanamke aliye hedhini haingii hekaluni, wala mtu aliyefiwa karibuni. Mwalimu hupokea kitu kwa mkono wa kulia, jambo ambalo kwa mtu wa pwani halihitaji kufundishwa.

Banjar na sekaa ni nini?

Banjar ni mtaa wenye uanachama: kila familia ina wajibu, faini zipo kwa wanaokacha, na ukumbi wa pamoja, bale banjar, ndimo gamelan hukaa mara nyingi. Sekaa ni chama cha hiari kwa kazi maalumu. Sekaa gong ni chama cha wapigaji. Fedha za maonyesho kwa kawaida huingia kwanza kwenye mfuko wa chama, kwa ajili ya sare, matengenezo na sherehe. Mpigaji akiwa dereva, mkulima au mwalimu wa shule, usiku ni mwanachama sawa na mwingine.

Mashindano huwatia moto. Tamasha la sanaa la kisiwa, Pesta Kesenian Bali, lililoanza mwaka 1979, hufanyika Denpasar kila Juni na Julai. Wilaya huleta makundi bora, mawili hukaa yakitazamana jukwaani, na mashabiki hushangilia kama uwanjani. Kundi linaweza kufanya mazoezi ya miezi kwa onyesho la usiku mmoja.

Wanawake hupiga?

Ndiyo, na wengi. Zamani walicheza na kuimba, upigaji ulikuwa wa wanaume. Kuanzia miaka ya 1980 makundi ya wanawake yalienea, na leo wana nafasi yao katika mashindano makubwa, sawa na watoto. Bado wapo wanaowapangia nyimbo nyepesi kana kwamba mikono yao haifiki. Ni dhuluma, na makundi mazuri ya wanawake yameshaijibu jukwaani.

Nani hutengeneza ala?

Mafundi wa ukoo wa wahunzi uitwao pande. Kijiji cha Tihingan, wilaya ya Klungkung, ndicho maarufu zaidi. Blahbatuh na Sawan nako kuna karakana. Shaba nyekundu huchanganywa na bati, takriban sehemu 10 kwa 3, mchanganyiko mgumu unaolia vizuri lakini unaopasuka ukifuliwa vibaya. Vibao hulinganishwa kwa kukwangua upande wa chini: ukipunguza katikati sauti inashuka, ukipunguza ncha inapanda. Seti mpya hubadilika sauti miaka ya mwanzo, hivyo fundi hurudi kuirekebisha.

Inafundishwaje? Nitapewa noti?

Kwa kawaida hapana. Mwalimu hukaa upande wa pili wa ala, akikutazama, na hupiga vibao kinyumenyume ili wewe uone. Unafuata ncha ya nyundo yake. Hapunguzi mwendo sana, hasimami kueleza. Hurudia tu, na wewe unaokota moja, mbili, kisha mstari. Mbinu hii huitwa maguru panggul, kufundishwa na nyundo. Siku za kwanza inachosha kichwa. Ivumilie, kwa sababu wimbo ulioingia kwa njia hiyo hautoki, na macho yako yanabaki huru kumtazama mpiga ngoma.

Maandishi yapo, kwa alama za silabi zile tano, na vyuo huyatumia kuhifadhi nyimbo. Andika kwenye daftari lako ukifika nyumbani, si ukiwa umekaa mbele ya ala.

Nikasome wapi?

Denpasar kuna Institut Seni Indonesia, chuo cha serikali chenye idara ya muziki wa asili. Serikali ya Indonesia ina mpango wa Darmasiswa, ulioanzishwa mwaka 1974, unaowapokea wageni kusoma lugha na sanaa katika vyuo vyake. Balozi za Indonesia zipo Dar es Salaam na Nairobi. Uliza huko kama mwaka huu nafasi zimetangazwa na masharti ni yapi. Jifunze Kiindonesia cha kutosha kabla ya kwenda. Herufi zake ni zetu, maneno mengi ya Kiarabu utayatambua, na mwalimu wa kijijini atafunguka zaidi.

Walio Ulaya na Marekani wana makundi karibu nao, mengi yakiwa vyuoni. Gamelan Sekar Jaya ya California ipo tangu 1979 na huleta walimu kutoka Bali.

Kama huwezi kwenda popote kwa sasa, tafuta mwenzako mmoja na marimba yoyote. Mfanye norot, kisha kotekan telu, mkiwa na mtu wa tatu wa kugonga mapigo.

Nikifika Bali, nitawapata wapi wakifanya mazoezi?

Fuata sauti baada ya magharibi. Katika vijiji vya Gianyar, hasa kati ya Ubud, Peliatan na Sukawati, wiki chache kabla ya sherehe au mashindano, bale banjar huwaka taa karibu kila usiku. Kaa pembeni, salimia wazee, omba ruhusa kabla ya kurekodi. Ukirudi kesho yake na keshokutwa, kuna uwezekano mkubwa mtu atakusogezea nyundo na kukuonyesha jegogan, kwa kuwa ndiyo yenye michapo michache. Ikubali nafasi hiyo. Kutoka kwenye jegogan unasikia kundi zima.